Njia ya Nyatiti, kutoka Sindo hadi Kabati la Ndege

Ukiitazama nyatiti kwa jicho la mhudumu wa ndege, ni mzigo wenye visa. Haina kona nne. Haikunjiki. Chini ina bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe; kwenye bakuli hilo huchomoza mikono miwili inayozidi kuachana kadiri inavyopanda, kisha mti wa tatu unaikata kwa juu, na hapo ndipo nyuzi nane hufungwa na kukazwa. Huwezi kuiegemezea begi jingine bila kuuminya uwambo, wala kuilaza kifudifudi bila kuzibana nyuzi. Mchezaji wake naye ana vyuma: gara, yaani njuga za kifundo cha mguu, na oduong'o, pete nzito ya chuma inayovaliwa kidole kikubwa cha mguu ili kugongea mkono wa ala na kupata mdundo. Mashine ya ukaguzi ya uwanja wa ndege haijui lolote kuhusu mdundo. Inachoona ni chuma, ngozi, na mkebe wa mbao wenye uwazi ndani.

Hata hivyo ala hii imevuka bahari mara nyingi, na njia iliyoifikisha huko bado inafuatika, kituo kwa kituo, kuanzia fuo za Suba. Nimeanza kuifuata Sindo, na sababu yangu ni ya ubishi kidogo. Habari za ala za muziki ndani ya ndege husimuliwa siku zote kana kwamba zilianza na gitaa la Mkanada au selo ya Mzungu. Swali lenyewe ni kongwe kuliko hapo: mzigo wa mwanamuziki ukae wapi ili usiharibike, na usimwumize aliyeketi karibu nao? Watu wa ziwa walikuwa na jibu lao kabla ndege ya kwanza ya abiria haijatua Kisumu.

Sindo ni makao makuu ya Suba Kusini, kaunti ya Homa Bay. Nyuma yake ni vilima vya Gwassi, mbele ni maji, na ukitazama kaskazini unaona Rusinga, na Mfangano ikijitenga kidogo upande wa magharibi. Ni mji wa samaki. Omena huanikwa juu ya nyavu kuukuu, na katika maduka ya zana za uvuvi nyuzi za nailoni hupangwa rafuni kwa unene wake. Mvuvi hununua wa kutegea mbuta. Jathum, mpiga nyatiti, hununua uzi huo huo, ila yeye hukata kipande, akaking'ata upande mmoja, akakivuta kwa mkono na kukidonoa kwa kidole karibu na sikio kabla hajatoa pesa. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Nailoni ilikuja na wavuvi, na nyatiti ikaichukua bila kuuliza.

Mzee mmoja aliyepiga nyatiti matangani tangu ujana wake alikubali kunieleza walivyokuwa wakisafiri.

“Jaduong', mkienda mbali mliibeba vipi?”

“Mgongoni. Kwa miguu. Mvua ikija mimi nalowa, yeye halowi. Navua shati, namfunika.”

“Na mkivuka kwenda Mfangano?”

“Huko inalala chini, katikati, juu ya nyavu, imefungwa kamba. Haishikwi na mtu. Kwenye mtumbwi mkono ni wa kushika mtumbwi.”

Nikamwambia kwamba kwenye ndege wapo wanaoomba waipakate mapajani, wakiogopa kuitoa machoni. Akacheka mpaka akakohoa. “Aipakate! Halafu ndege ikipigwa na wimbi?”

Katika maneno hayo machache mna karibu kila kitu ambacho kanuni za usafiri wa anga husema kwa kurasa nyingi. Mzigo ukae chini. Ukae mahali ambapo chombo hakiyumbi kwa ajili yake. Ufungwe. Mikono ya watu ibaki mitupu. Ziwa hili limewafundisha watu wake hesabu ya uzani kwa ukali usiosahaulika. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, imejaa kupita kiasi, na mamia ya watu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nayo ilikuwa imejaa kupita kiasi. Waliokufa walifika 228. Mtu wa Sindo hahitaji kuelezwa kwa nini uzani uliokaa vibaya huua.

Kutoka Sindo kwenda Mbita ni matatu, na makanga wa njia hiyo ana sheria zake ambazo hazijaandikwa popote: gunia juu ya keria, kuku chini ya kiti, na chochote kinachokalia nafasi ya mtu kinalipa kama mtu. Nyatiti ikiwekwa kitini hutozwa nauli. Watu hulalamika, kisha hulipa. Sheria hiyo hiyo tutaikuta Washington, imevaa suti.

Mbita ukishavuka maji kuingia Rusinga unafika Kasawanga, lilipo kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Nimepita hapo kwa sababu ya ndege. Mwaka 1959 Mboya, kwa msaada wa marafiki zake wa Marekani, alipanga safari iliyowachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi New York kwa ndege ya kukodi. Waliofuata 1960 walikuwa wengi zaidi, miongoni mwao Wangari Maathai. Kwa familia nyingi za magharibi mwa Kenya hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza mtu wa nyumbani kupaa angani, na kwa mara ya kwanza watu walilazimika kujiuliza nini kiingie katika begi moja na nini kibaki. Kabla ya hapo safari ndefu ilikuwa ya meli, na meli haina haraka na haina choyo. Siti binti Saad na wenzake walipotoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani zao, udi na fidla vilisafiri nao baharini, na hakuna aliyewapimia kwa sentimita.

Rusinga pia ina kiwanja cha ndege, na Mfangano vilevile. Vinatumiwa na ndege ndogo zinazoleta watalii wa kuvua, wengine wakitokea Maasai Mara. Ukipanda ndege za namna hiyo utaambiwa mzigo usizidi kilo 15 na uwe katika begi laini lisilo na fremu. Wageni hudhani ni ubahili. Katika ndege ya abiria 12 tumbo ni dogo, na rubani huhesabu uzani pamoja na mahali ulipo. Mzigo ukihama, ndege inahama nao. Mfano wa kutisha ni wa Bandundu, Kongo, tarehe 25 Agosti 2010. Ndege ndogo aina ya Let L-410 ilianguka ikikaribia kutua. Kati ya watu 21 alisalimika mmoja. Kwa maelezo yanayohusishwa na manusura huyo, mamba mdogo aliyefichwa ndani ya begi alitoka, abiria wakakimbilia mbele kwa pamoja, na rubani hakuweza tena kuimudu ndege. Nyatiti haitembei yenyewe, nakubali. Lakini bakuli la mti linaloteleza kwenye ushoroba wakati wa misukosuko linaweza kuwafanya watu wasimame wakati ambao hawapaswi kusimama.

Kutoka Mbita feri hukuvusha hadi Luanda Kotieno, na kutoka huko barabara inakupeleka Kisumu kupitia Ndori. Kisumu ndiyo moyo wa njia hii. Reli ilifika hapo Desemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na kuanzia hapo meli za ziwani zikaunganisha Kisumu na Kendu Bay, Homa Bay na bandari za mbali zaidi. Halafu mwaka 1931 kikaja kitu ambacho vijana wa leo husikia kama hadithi: ndege za kutua majini. Tarehe 28 Februari mwaka huo kampuni ya Imperial Airways ilianza safari ya kila wiki kutoka Croydon, London, kuelekea Ziwa Victoria. Kutoka Khartoum ilitumia ndege-boti za Short Calcutta zilizoufuata mto Nile kuelekea kusini hadi Kisumu, na barua zikaendelea mpaka Mwanza. Mwaka uliofuata njia ilifika Cape Town. Kuanzia 1937 zikaja ndege-boti kubwa zaidi, zile za Empire, zenye ukumbi ambamo abiria alisimama dirishani akitazama viboko kwa chini.

Ukisimama leo karibu na maji ya Kisumu ni vigumu kuamini kwamba hapa palikuwa mlango wa anga wa Afrika Mashariki. Kinachonivutia mimi ni mizani. Abiria wa enzi zile alipimwa uzani yeye mwenyewe pamoja na mizigo yake, mwili na masanduku katika hesabu moja, kwa sababu kila kilo ilichotwa katika akiba ya mafuta au ya barua. Hakukuwa na ubishi kuhusu ala. Kama ulikuwa na fidla, uzani wake uliingia kwenye hesabu yako, basi. Mtu mwembamba angeweza kusafiri na kitu kizito, na mtu mnene alishukuru akipata nafasi ya mswaki. Kulikuwa na haki fulani katika aibu hiyo ya kusimamishwa kwenye mizani mbele za watu, haki ambayo vipimo vya siku hizi vya urefu kwa upana kwa kina vimeipoteza.

Huko Ulaya wakati huo huo watu walikuwa na anasa ya kuingiza ala kubwa angani. Mwaka 1936 chombo cha Kijerumani Hindenburg kilibeba piano ya Blüthner iliyotengenezwa kwa sehemu kubwa kwa aloi ya alumini ili iwe nyepesi. Bahati nzuri kwa piano hiyo, haikuwemo chombo kilipoungua Lakehurst, Marekani, tarehe 6 Mei 1937. Miaka ya 1970 mwanzoni American Airlines nayo iliweka piano ndogo ya umeme katika sebule ya ndege zake za 747, abiria wakapiga na kuimba juu ya mawingu. Yaani ala ndani ya ndege ilipata heshima pale tu ilipokuwa mali ya kampuni. Ya abiria ilikuwa kero.

Nyatiti ya kwanza kujulikana sana ng'ambo ilikwenda na Ayub Ogada. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956 akiitwa Job Seda, akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1986 akaenda Uingereza na nyatiti yake. Alipiga katika njia za treni za chini ya ardhi London, kofia chini, watu wakipita. Huko ndiko alikogunduliwa. Mwaka 1988 akapanda jukwaa la tamasha la WOMAD, na mwaka 1993 ikatoka albamu yake En Mana Kuoyo chini ya lebo ya Real World ya Peter Gabriel. Wimbo wake Kothbiro ulisikika baadaye katika filamu The Constant Gardener ya 2005. Alifariki Februari 2019. Baada ya safari yake njia ilipanuka: bendi ya Kenge Kenge ilipeleka orutu, fidla ya uzi mmoja, Ulaya, Joseph Nyamungu akapiga nyatiti na vijana wa London katika Owiny Sigoma Band, na Mjapani Eriko Mukoyama, ajulikanaye kama Anyango, akajifunza nyatiti Siaya akarudi nayo Japani. Kila mmoja wao alilazimika, wakati fulani, kusimama mbele ya kaunta na kueleza kitu hiki ni nini.

Hapo ndipo penye kero. Kampuni nyingi za ndege huweka kikomo cha mzigo wa mkononi karibu na sentimita 55 kwa 35 kwa 25. Vipimo hivyo vilitokana na umbo la sanduku. Fidla hupenya kwa tabu, tarumbeta hupita. Nyatiti, yenye urefu wa mkono wa mtu mzima au zaidi, inakataliwa kwa urefu kabla haijaulizwa uzani. Na ikipelekwa butini, safari yake ni nyingine kabisa: ukanda wa kubebea mizigo, kigari, jua la lami, kisha masanduku ya kilo 23 yakirundikwa juu yake. Hewa ya ndege nayo ni kavu mno, unyevu wake mara nyingi hauzidi asilimia 20, na ngozi iliyozoea hewa ya ziwa hujikaza juu ya bakuli hadi kigingi au mbao ionyeshe ufa. Ndiyo maana wapigaji wazoefu hulegeza nyuzi kabla ya kuondoka, hata kama ala imeruhusiwa kuingia nao.

Hofu ya kuikabidhi si ya kubuni. Mwaka 2008 mwanamuziki Mkanada Dave Carroll alisafiri na United Airlines, na gitaa lake aina ya Taylor likavunjika Chicago wakati wa kupakuliwa. Aliomba fidia kwa miezi mingi, akakataliwa, na Julai 2009 akatoa wimbo wa malalamiko ulioenea duniani kote. Februari 2020 Ballaké Sissoko wa Mali, bingwa wa kora, alifika Paris kutoka New York akakuta kora yake imesambaratishwa ndani ya kasha, shingo imetoka, madaraja yameng'oka. Yeye alilaumu ukaguzi wa usalama wa Marekani. Mamlaka husika ikakana kwamba ililifungua kasha hilo. Kora ni jamaa wa mbali wa nyatiti kwa namna moja: bakuli, ngozi, nyuzi, na umbo ambalo mkaguzi hajalizoea. Kitu ambacho mtu hakijui hukishika kama kitu cha kutiliwa shaka.

Marekani, baada ya wanamuziki kupiga kelele vya kutosha, iliandika sheria. Bunge liliipitisha Februari 2012, na kanuni zake zikaanza kutumika Machi 2015. Zinasema ala ndogo iingie na abiria ikiwa inatosha salama katika kabati la juu au chini ya kiti, kwa utaratibu wa aliyewahi kupanda. Ala kubwa iruhusiwe ikiwa mwenyewe ameinunulia kiti, mradi pamoja na kasha lake isizidi pauni 165, yaani takriban kilo 75. Hiyo ndiyo sheria ya makanga wa Mbita: kinachokalia nafasi ya mtu kinalipa kama mtu. Kwingineko jambo hili huachiwa zaidi masharti ya kila kampuni, na hisani ya mhudumu aliyeko mlangoni siku hiyo.

Sasa niseme upande wa pili, maana wanamuziki wengi hawapendi kuusikia. Mhudumu anayekataa nyatiti isiyo na kasha ana hoja. Viti vya ndege na vitu vilivyofungwa ndani ya sehemu ya abiria hutakiwa kustahimili msukumo wa kwenda mbele unaofikia mara 9 ya uzani wake. Nyatiti ya kilo 4 katika ajali ya namna hiyo husukumwa kwa nguvu ya kilo 36, na mbele yake ni kisogo cha mtu. Kabati la juu likiwa na mfuniko uliofungwa huizuia. Mapaja ya mwenyewe hayawezi kuizuia, hata awe na mapenzi kiasi gani. Ndiyo maana ala iliyokatiwa tikiti hufungwa mkanda na kamba ya ziada, hukaa dirishani ili isimzibie mtu njia, hairuhusiwi kwenye safu ya mlango wa dharura, na haipaswi kufunika taa ya mkanda wala alama ya mlango.

Kisha kuna suala la kutoka. Ndege kubwa haipewi kibali cha kubeba abiria mpaka ithibitishe kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Airbus A380 ilipojaribiwa Hamburg mwaka 2006, watu 873 walitoka kwa sekunde 78. Jaribio hilo lilifanywa na watu walioacha kila kitu. Katika maisha ya kweli watu hubeba. Ndege ya Emirates ilipoanguka Dubai tarehe 3 Agosti 2016 ikiwa na watu 300, picha za video zilionyesha abiria wakifungua makabati kutafuta mabegi huku moshi ukiingia. Wote walitoka hai, ingawa mzimamoto mmoja alikufa. Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani na kuwaka moto. Wahudumu walipiga kelele mizigo iachwe, na watu wote 379 wakatoka. Walinzi watano wa ile ndege nyingine hawakubahatika.

Na si lazima kwenda Tokyo. Tarehe 6 Novemba 2022, katika ziwa hili hili, upande wa pili wa maji yanayoonekana kutoka Sindo, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam iliangukia majini ikikaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Sehemu ya mbele ilizama, marubani wote wawili wakafa, na waliosalimika walitokea nyuma. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao, akiwemo kijana Majaliwa Jackson ambaye serikali ya Tanzania ilimtambua na kumpa kazi katika jeshi la zimamoto. Walikufa watu 19. Nilipokuwa nikizungumza na wavuvi wa huku kuhusu ajali ile, hakuna aliyeuliza habari za mizigo. Waliuliza kuhusu milango: mingapi, upande gani, inafunguka kwa ndani au kwa nje.

Kwa hiyo nalaumu vipimo, simlaumu mhudumu. Usalama hautaki ala iwe fupi. Unataka iwe imefungwa, ifunikwe, isizibe njia, na mwenyewe awe tayari kuiacha. Ala inayotimiza hayo yote haina sababu ya kukataliwa kwa kuwa imezidi sentimita chache, hasa pale sanduku la magurudumu la abiria mwingine, zito mara tatu yake, linapopita bila swali. Wanamuziki nao wana deni lao. Bado nyatiti nyingi hufika uwanjani zimefungwa kwa leso, shuka au gunia la sukari. Kasha gumu lenye sifongo ndani, lenye umbo la bakuli na mikono, ni kazi ambayo seremala yeyote wa Homa Bay anaiweza. Kinachokosekana ni oda. Gara na oduong'o viingie kwenye begi la butini, kwa sababu pete nzito ya chuma mfukoni ndiyo inayoanzisha maswali mengi pale kwenye mashine, na maswali hayo huishia kwenye ala yenyewe.

Orutu ina shida yake ya pekee. Kwa umbo ni ndogo, uzi mmoja na upinde, huingia kabatini bila neno. Lakini kwa desturi uwambo wake ni ngozi ya kenge, na kenge wa Nile yumo katika Kiambatisho cha 2 cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo ngozi yake ikivuka mpaka inaweza kudaiwa kibali. Wapigaji wa zumari za mpingo walipitia adha kama hiyo kuanzia Januari 2017, jamii nzima ya miti hiyo ilipoorodheshwa, hadi Novemba 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa ziliposamehewa. Mafundi wengine wa orutu sasa hutumia ngozi ya mbuzi. Sauti, wanasema wazee, hubadilika. Forodhani hupita.

Ala zilizobaki ni ngumu zaidi kusafirisha. Kusini mwa Sindo, ukishuka kupitia Karungu hadi Migori na kuendelea mpaka kwa Wakuria, utakuta iritungu, na kwa majirani wa Kisii utakuta obokano: ala za jamii moja na nyatiti lakini kubwa, zenye sauti nzito ya besi. Hizi hakuna kabati litakalozimeza. Ni butini ndani ya kasha gumu, au kiti cha pili. Nilimweleza mpigaji mmoja wa upande huo habari za kiti cha pili, mkanda, dirisha na kilo 75. Nikamsimulia pia Lynn Harrell, bingwa wa selo wa Marekani, aliyekuwa akiinunulia selo yake tikiti miaka yote na kuikusanyia pointi za msafiri wa kudumu, mpaka mwaka 2012 kampuni ya Delta ikamfukuza katika mpango huo, yeye na selo yake. Alisikiliza kwa makini, akatafakari, kisha akataka kujua jambo moja.

“Na chakula cha hicho kiti cha pili kinaliwa na nani?”